Kwa wanangu wenye matende na mabusha: lipanueni jamvi

Wanangu wa vikundi vya matende na mabusha, kuanzia Msimbati na Mikindani hadi Mchinga na Kilwa,

Asalaam aleikum. Kuna kauli inayosemwa kwenye vikao vyenu, tena na watu wazima wenye heshima zao: "Sisi letu ni matende, hatuna ukoma." Husemwa mtu mwenye ukoma anapoomba kujiunga. Kwa ajili ya kauli hiyo nimeona niwaandikie mbele ya watu wote.

Hakuna wa kuwafundisha nyinyi unyanyapaa ni nini. Mnakijua kiti kinachobaki kitupu kando yako kwenye daladala ilhali watu wamesimama. Mnaijua kanzu pana ya kuficha, na safari ya sokoni inayoahirishwa mpaka giza liingie. Wanaume mmeambiwa mlikunywa madafu kupita kiasi. Wanawake mmeambiwa mmekanyaga tego, na wengine mmepewa talaka kwa hilo. Kumbe ni mbu. Aliwaletea minyoo midogo inayokaa miaka katika mishipa ya limfu na kuiharibu, maji yakakosa njia, mguu ukajaa. Na sisi wa kusini tuna somo la ziada. Bibi zetu wa Kimakonde wamechekwa mijini kwa nembo za usoni na ndonya ya mdomoni, na jina la Wamachinga, watu wa Lindi, limegeuzwa kuwa jina la kila mchuuzi wa barabarani.

Lakini uchungu peke yake haumlainishi mtu. Mara nyingi humfanya atafute wa kumweka chini yake. Aliyeanza kurudishiwa heshima huogopa kuipoteza tena akionekana na anayedharauliwa zaidi. Tazameni ndani ya vikundi vyenu wenyewe kabla ya kutazama nje. Busha huondolewa kwa upasuaji. Matende hutunzwa maisha yote. Je, aliyepasuliwa akapona bado anakuja kikaoni? Au siku hizi akimwona mwenzake wa matende barabarani anavuka upande wa pili? Hapo ndipo ufa unapoanzia.

Kuna zoezi ninalowaomba mlifanye. Kila mmoja ataje jambo moja tu alilofanyiwa. Asieleze hisia, ataje kitendo: "walinitengea kikombe changu", "walinizuia kupika shughulini." Mkiulizana hisia, wengine watanyamaza na wengine watashindana nani kateseka zaidi. Kitendo hakishindaniwi. Kisha kila mmoja ajiulize: nani hapa mtaani anafanyiwa hilohilo leo, na mimi nimo kati ya wanaomfanyia? Swali la pili ndilo gumu, msilirukie.

Mkifika hapo, jina la mwenye ukoma litatajwa. Basi jueni mambo yalivyo. Ukoma unaletwa na bakteria aliyegunduliwa na Hansen wa Norway mwaka 1873. Si laana wala si damu ya ukoo. Huenea polepole, kwa kukaa karibu muda mrefu na mgonjwa ambaye hajaanza dawa, kupitia matone ya pua na mdomo. Kushikana mikono hakuambukizi. Dawa hutolewa bure, miezi 6 au 12 kulingana na aina, na mgonjwa akishaanza kuimeza huacha kuambukiza mapema sana. Kwa aliyemaliza dawa, vidole vilivyopinda ni makovu ya ugonjwa uliopita. Mtu wa namna hiyo kukaa nawe jamvi moja hana cha kukupa isipokuwa mazungumzo.

Tena mnachokijua nyinyi ndicho anachokihitaji: kutunza mguu kila siku. Lakini hapa nawasihi muwe waangalifu, maana huruma ya haraka huumiza. Msimwambie "najua unavyojisikia." Mguu wako unauma, wake hausikii. Wewe unaosha kwa sabuni na maji safi ya kawaida, unapita kwenye mikunjo na katikati ya vidole, unakausha kwa kitambaa laini bila kusugua, kisha unauinua mguu na kuzungusha kifundo. Yeye ngozi yake ni kavu na hupasuka, kwa hiyo huloweka miguu kwenye maji matupu kama dakika 20 hadi 30, akasugua sugu taratibu kwa jiwe, akapaka mafuta papo hapo kabla ngozi haijakauka. Maji ya moto yatamuunguza asijue, hivyo ayapime mtu mwenye mkono unaosikia. Msumari unaweza kupenya kandambili akatembea nao hadi jioni. Kila siku nyayo zake zikaguliwe, na viatu vikung'utwe kabla ya kuvaliwa. Macho yenu yanaweza kumfanyia kazi ambayo ngozi yake imeshindwa.

Yeye naye atawasaidia siku homa ya mguu inapowashika, mguu ukawa mwekundu na wa moto: kuwawekea kitambaa cha maji baridi, kuwakataza mazoezi, kuwapeleka zahanati.

Jambo moja huharibu yote. Mtamkaribisha, halafu mtampa beseni lake la pembeni. Hicho ni kile kikombe chenu cha zamani kimerudi. Mabeseni yasichangiwe, ndiyo, kwa sababu ya vidonda na fangasi. Lakini iwe kanuni ya kila mtu, na itangazwe kabla hajafika.

Baada yake watakuja wengine. Mwenye ualbino haoni mbali na jua linamchoma, basi kikao kisiwe chini ya mwembe unaopenyeza jua saa saba mchana. Kiwe kabla ya saa nne asubuhi au baada ya saa kumi, na maandishi yawe makubwa. Mwenye kifafa akianguka, msimkimbie kwa kuogopa povu, haliambukizi. Ondoeni vya kumuumiza, mlazeni ubavu, msimtie kijiko mdomoni. Ikipita dakika 5 hajatulia, apelekwe hospitali. Na katika kikoba, hisa zao ziwe sawa na zenu, zamu ya kushika sanduku iwafikie. Mtu anayehurumiwa bila kuaminiwa fedha bado yuko nje ya mlango.

Siku ya kuoshana ijayo, kabla hamjamwita, wekeni tayari beseni moja la ziada, jiwe la kusugulia na kichupa cha mafuta ya nazi. Halafu aende kumwita yule aliyesema "sisi hatuna ukoma."

Bibi yenu,
Mikindani