Kumwombea marehemu mama yangu kumo ndani ya Biblia

Mhariri,

Tumsifu Yesu Kristu. Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika juzi kwamba sisi Wakatoliki tunapoteza muda na hela kuombea wafu, eti hakuna andiko hata moja. Huu ni Novemba, mwezi wa marehemu wote, na mimi mama yangu nilimzika mwaka jana mwezi kama huu, kwa hiyo barua ile imenigusa penye kidonda.

Maneno yenyewe si mageni kwangu. Siku tunamzika mama kule Kibosho, kihambani chini ya migomba, katekista alipoanzisha "Raha ya milele umpe ee Bwana" watu wote wakaitikia isipokua shemeji yangu aliyeokoka, yeye alisimama kando kimya. Usiku tumebaki wachache chini ya turubai akanisogelea akaniambia kwa upole tu, shemeji, mama nilimpenda na wewe unajua, lakini mnajidanganya, Waebrania 9:27 inasema mtu anakufa mara moja na baada ya hapo hukumu, sasa mnaomba nini? Huyu bwana namheshimu sana, alikesha na sisi siku zote za hospitali na koleo la kaburini alilishika mwenyewe, kwa hiyo sikumjibu kwa hasira. Nilimwambia tu afungue 2 Wamakabayo sura ya 12.

Akawasha tochi ya simu akafungua Biblia yake, akapekua, akapekua, akafika Malaki akakuta kinachofuata ni Mathayo. Hakimo. Nikaingia ndani nikaleta ya mama, ile kubwa aliyoivalisha kipande cha kanga kwa sababu jalada lilishatoka, na pale kwenye Makabayo nikakuta kapachika kile kikadi cha misa ya mazishi ya baba. Miaka yote hiyo mama alikua anasoma hapo akimwombea mumewe na mimi sikuwahi kujua.

Tukasoma wote. Yuda Makabayo, jemadari wa Wayahudi kabla ya Kristu, na watu wake wanarudi kuokota maiti za wenzao waliokufa vitani, wanafunua kanzu wanakuta kila marehemu kavaa hirizi ya miungu ya Yamnia, kaificha ndani. Yaani mtu kafa akipigania dini ya Mungu wa kweli na huku mwilini ana hirizi, jamani, sisi watu wa namna hiyo tunawajua, tena tumewazika. Yuda hakusema hawa wameshapotea wafukieni tu. Walisali dhambi ile ifutwe, akachangisha drakma 2,000 za fedha akazipeleka Yerusalemu itolewe sadaka, na kitabu kinasema alifanya jambo jema kabisa kwa sababu alikua anawaza ufufuko, maana kama asingetegemea wale watafufuka ingekua upuuzi kuwaombea wafu. Msomaji mwenzangu alitaka andiko, andiko ndio hilo.

Najua atasema hicho kitabu mmekiongeza nyie kwenye Mtaguso wa Trento, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, mwaka 1546. Hapana ndugu yangu. Mitaguso ya Hippo mwaka 393 na Karthago mwaka 397, na yote miwili ilikaa huku huku Afrika, ilishataja Makabayo kwenye orodha ya Maandiko zaidi ya miaka 1,100 kabla ya Trento. Ni kweli Mtakatifu Yeronimo, yule aliyetafsiri Biblia kwa Kilatini, alikua na mashaka na Makabayo na vitabu vingine ambavyo Waprotestanti hawana, hilo hatufichi, lakini Kanisa liliendelea kuvisoma. Hata Luther kwenye Biblia yake ya 1534 hakuvitupa, aliviweka pembeni akasema vinafaa kusomwa, na ile Biblia ya Kiingereza ya 1611 wanayoipenda sana ilivichapa pia. Mwaka 1826 chama cha Biblia cha Uingereza kikaamua hela zake zisitumike tena kuchapa Biblia zenye vitabu hivyo, na vyama vya namna hiyo ndivyo vilivyochapa Biblia nyingi zilizotufikia huku. Halafu nimuulize jambo moja, hiyo orodha ya vitabu 66 vya Biblia yao imeandikwa kwenye sura gani ya Biblia? Haipo popote, kila mmoja wetu amepokea orodha yake mkononi mwa Kanisa, akubali asikubali.

Ile Waebrania 9:27 sisi tunaikubali mia kwa mia. Tunaowaombea ni walioko toharani, yaani roho zinazosafishwa baada ya kufa kabla ya kuingia mbinguni, na toharani sio nafasi ya pili ya kutubu, anayeingia toharani keshahukumiwa na keshapona, anasafishwa tu, na Paulo kwenye 1 Wakorintho 3:15 anasema kuna mtu kazi yake itateketea ila yeye mwenyewe ataokolewa, lakini ni kama kwa moto.

Kuhusu hela, yale ya karne ya 16 ya kuuza rehema, yaani kuondolewa adhabu ya dhambi kwa hela, yalikua makosa makubwa na Kanisa lenyewe likayapiga marufuku. Sadaka ya misa leo mtu anatoa alichonacho, na sheria ya Kanisa inawahimiza mapadri waadhimishe misa kwa nia za waamini hasa maskini hata kama hawajatoa kitu.

Kitu kingine nilichomwambia shemeji ni habari ya Mtakatifu Monika, mama Mwafrika kama mama zetu, aliyefia ugenini Ostia mwaka 387. Wanae walikua wanahangaika atazikwa wapi mbali na kwao, akawaambia mwili huu uzikeni popote msisumbuke, ninachowaomba ni kimoja tu, mnikumbuke kwenye altare ya Bwana popote mtakapokuwa. Agustino mwanae ndiye aliyeyaandika hayo. Mama yangu hakuwahi kusikia habari za Ostia, lakini wiki ya mwisho alinishika mkono akaniambia usisahau kuniandikia misa.

Nimeandika. Ni Jumamosi hii, misa ya kwanza. Shemeji nimemwalika akasema atakuja ila atakaa nje, nami nimeshamwandalia kiti.

Msomaji wako,
Kibosho, Moshi