Golf ya mkononi: ilete ikiwa baridi kabla hujamlipa mtu

"Fundi, eti Golf ni pasua kichwa?" Hili swali tunaulizwa karibu kila siku hapa gereji, na shida ni kwamba anayeuliza mara nyingi keshatoa advansi kwa dalali, keshapiga picha ya gari kaweka status, sa hivi anatafuta mtu wa kumwambia poa tu chukua. Kiukweli jibu letu ni lilelile, Golf ya Volkswagen sio gari mbaya, ila kuna Golf na Golf, na huwezi kuijua kwa kuipiga teke tairi na kusikiliza redio.

Sisi tunahudumia Volkswagen na ndugu zake wa Ulaya hapa Dar, gereji yetu ndogo tu ila skana ya kusoma kompyuta ya gari tunayo na hizi gari tunazijua. Na kitu tunachokiona ni kwamba watu wamezoea Toyota. Mtu ametoka kwenye IST, ameizoea kuichelewesha sevisi miezi miwili na inamsamehe, anaenda kukagua Golf kwa akili ileile: AC inapuliza, bodi haijagongwa, injini kimya, lete kadi tumalizane. Golf haisamehi hivyo, na ndo maana unaikuta inauzwa bei ya kutamanisha, ndani ina viti vya ngozi, inatembea kama imeshikwa na barabara, halafu bei karibu na gari ya kubebea mkaa. Bei ikiwa hivyo jiulize mwenyewe anakimbia nini.

Kwanza jua ni Golf ipi. Namba ya chesisi ipo chini ya kioo cha mbele na ndani ya boneti. Inaanza na WVWZZZ, halafu herufi mbili zinazofuata ndo modeli: 1K ni Golf 5 au Golf 6, AU ni Golf 7, 6R ni Polo, 5N ni Tiguan (hiyo mwanzo wake ni WVGZZZ). Hesabu mpaka ya kumi utapata mwaka wa modeli, 9 ni 2009, A ni 2010, B ni 2011, unaenda hivyohivyo, D ni 2013. Kwahiyo dalali akikuambia "hii ni ya 2013 bosi" na ya kumi ni A, mmeshamalizana hapohapo. Kwenye buti, pale tairi la spea linapokaa, kuna stika ya karatasi yenye kodi za gari (zile code za kiwandani, sio ushuru), na kodi ya injini ipo humo. Ukikuta imebanduliwa sio kosa la jinai lakini sisi huwa tunaanza kukagua buti kwa makini zaidi, maana buti lililogongwa likanyooshwa mara nyingi stika ndo inakuwa ya kwanza kupotea.

Kwanini modeli ni muhimu hivi? Golf 6 nyingi zilizokuja kutoka Japani zina injini ndogo za TSI (za petroli zenye turbo), 1.2 na 1.4, na hizo timing yake, yani kinachozungusha valvu ziende sawa na pistoni, ni ya cheni. Golf 7 ya 1.2 na 1.4 wakabadilisha, ni ya mkanda. Ile cheni ya Golf 6 inalegea, na kikazio chake kinategemea presha ya oil, sasa ukichanganya oil ya hovyo na sevisi iliyochelewa, cheni inaruka jino, valvu zinagonga pistoni, na hapo hatuongelei tena matengenezo, tunaongelea injini nyingine. Dalili yake inasikika wakati mmoja tu wa siku, asubuhi gari ikiwa imelala usiku mzima, unapoiwasha. Unasikia kama mtu anatikisa njugu kwenye kopo, sekunde mbili tatu hivi, upande wa kulia wa injini yani upande wa dereva, halafu inanyamaza. Ikishapata moto haitoi huo mlio tena, inakuwa bubu.

Na wauzaji wanalijua hilo. Kuna mteja wetu mmoja alipanga tukague Golf 6 saa mbili asubuhi, muuzaji akaja saa nne, anahema, foleni bwana foleni. Tukaweka mkono kwenye boneti, inachoma. Injini inanguruma vizuri mno, mteja ameshaanza kutabasamu. Tukamwambia muuzaji iache hapa ilale tukague kesho asubuhi, akasema haiwezekani ana safari ya Moro. Mteja akaondoka mikono mitupu na alikasirika kidogo, sisi pia hatukuwa na ushahidi wowote kwamba ile cheni ni mbovu, inawezekana kweli alikuwa na safari. Lakini gari ambayo haiwezi kulala usiku mmoja kwa fundi wa mnunuzi sisi hatuisainii.

Golf 6 ile ya toleo la Highline yenye 1.4 ya turbo pamoja na supachaja nayo ina la kwake, pistoni zake zinajulikana kupasuka pale kwenye mifereji ya ringi. Hiyo tunapima kompresheni kila silinda, hatubahatishi kwa sikio.

Sasa tuje kwenye giaboksi, maana hapa ndo pesa ilipo. Golf nyingi za hapa zina DSG ya gia saba, na ukiiendesha unaona D na R kama otomatiki ya kawaida, ila ndani sio otomatiki ile ya Toyota hata kidogo. Ni giaboksi ya manyuo iliyowekewa klachi mbili kavu na kompyuta ya kuzikanyaga kwa niaba yako, hiyo kompyuta pamoja na pampu na valvu zake ndo inaitwa mekatroniki. Sasa fikiria mtu anayekanyaga klachi nusu nusu kwenye foleni ya Mwenge saa moja nzima, klachi itanuka. Ndo kinachotokea, tofauti ni kwamba hapa wewe huoni. Novemba 2013 Volkswagen wenyewe waliita magari yapatayo milioni 1.6 duniani yenye giaboksi hii, wakabadilisha oil ya sintetiki wakaweka ya madini, kwa sababu kwenye nchi za joto na unyevunyevu zenye foleni ya kusimama na kwenda, oil ya kwanza ilikuwa inaweza kuleta hitilafu ya umeme humo ndani. Joto, unyevu, foleni. Kama wameielezea Dar vile.

Jinsi ya kuijaribu: iwashe ikiwa baridi, weka R, achia breki taratibu bila kukanyaga mafuta, inatakiwa itambae kama mtu anasukuma kitoroli, sio kuruka ruka. Halafu twende barabarani, sio raundi moja ya kuzunguka yadi, angalau nusu saa, na tunaitafuta foleni makusudi. Sikiliza gia ya kwanza kwenda ya pili, ikitetemeka kama mtu anayejifunza gari basi klachi zinaelekea mwisho. Tafuta kimlima, kule Goba au Kimara vipo vya kutosha, simama katikati, ondoka tena. Gia zikianza kuwaka na kuzima kwenye dashibodi au spana ikatokea, simama pembeni, majaribio yameisha. Tukichomeka skana tukakuta kosa P17BF, hiyo ni presha ya mekatroniki, na mara nyingi sana kinachokuwa kimekufa ni nyumba ya akyumuleta, yani pale inapotunzwa presha ya oil, imepata ufa. Inatengenezeka, tumeshafanya, ila hiyo pesa inatakiwa itoke kwenye bei ya gari na sio mfukoni mwako baada ya wiki mbili.

Kuna neno moja la wauzaji linatuchekesha na kututisha kwa wakati mmoja: "oil ya giaboksi nimebadilisha juzi tu." Ipi? Hii ya klachi kavu ina oil mbili, ya gia peke yake na ya mekatroniki peke yake, na kiwandani haina ratiba ya kubadilishwa kabisa. Ile DSG ya gia sita ya GTI, Golf ya mbio, ndo yenye ratiba, kila kilometa 60,000, maana klachi zake zinaoga kwenye oil. Kwahiyo muuzaji wa 1.2 akikuambia amebadilisha, muulize fundi aliweka nini. Tumeshakuta mtu kamwagiwa haidroliki ya Toyota humo.

Kilometa nazo. Huku kurudisha kilometa kwenye dashibodi ni kazi ya nusu saa, ila hizi gari zina kumbukumbu sehemu nyingi, na kosa likitokea kompyuta inaandika lilitokea gari ikiwa na kilometa ngapi. Mwezi wa pili tulikagua Golf ya bluu safi sana, dashibodi inasoma 79,000. Tukaingia kwenye moduli ya ABS, yani kompyuta ya breki, kuna kosa la zamani la sensa ya gurudumu la nyuma, limeandikwa kilometa 148,212. Tukamgeuzia muuzaji skrini, akaangalia, akaangalia tena, akasema "labda mashine yenu imekosea." Haya.

Kama gari imekuja kwa mnada wa Japani dai karatasi ya mnada yenyewe, sio maneno. Ukikuta gredi imeandikwa R au RA, ilishagongwa ikatengenezwa. Haimaanishi uikimbie, inamaanisha usilipe bei ya ambayo haijagongwa.

Vingine tunapita haraka haraka. Kulanti ya Volkswagen, yani maji ya kupoza injini, ni ya pinki au zambarau, ukifungua ukakuta maji ya bomba yenye kutu, jua mwenye gari alikuwa anaongeza tu bila kuuliza yanaenda wapi, na kwenye Golf 7 yanaendaga pale kwenye pampu ya maji upande wa giaboksi, nyumba yake ni ya plastiki, tunamulika tochi tunatafuta alama za chumvi chumvi za pinki. Mikanda ya viti tunaivuta yote mpaka mwisho, tope la mafuriko linakaa huko hata gari ikioshwa vipi. Tairi tunasoma zile namba nne, 2319 ni wiki ya 23 mwaka 2019. Kadi linganisha na chesisi, jina linganisha na huyo anayekuuzia, na deni la faini za trafiki angalia kabla, maana linaweza kukuangukia wewe.

Utaratibu wetu sasa. Anayelipia ukaguzi ni mnunuzi, muuzaji hata akitaka kulipa hatupokei, tusije tukachanganyikiwa tunamfanyia kazi nani. Unapewa ripoti ya skana kama ilivyo pamoja na picha, na makadirio ya vitu vya kutengeneza kwa bei ya spea za leo, tukitenganisha zinazopatikana maduka ya Gerezani hapa mjini na zile za kuagiza Dubai. Ndani ya giaboksi hatuoni, hatuna macho ya hivyo, tunachokuambia ni tabia yake siku hiyo. Na tukikuambia usinunue halafu ukanunua, bado tutakutengenezea, hatununi.

Jumamosi ndo tunajaa, tunachukua gari nne tu. Kama inawezekana ilete Ijumaa jioni ilale ndani ya geti, mlinzi yupo, funguo unabaki nayo wewe au muuzaji, halafu wote mje saa moja na nusu asubuhi tuiwashe mbele yenu. Msitangulie kuiwasha.