Gemu haiozi, mwanangu

Tudor, Mombasa

Mwanangu mpenzi,

Assalamu alaykum. Ujumbe wako nimeupata. Wataka dola 70 uwekee oda gemu ambayo bado haijatoka, maana wenzako hapo hosteli Eldoret washalipia. Pesa hizo ninazo, alhamdulillahi, lakini kwa jambo hilo sitazituma. Wewe ni mtu mzima sasa, kwa hiyo nakupa sababu zangu.

Wanijua mamako. Nikishasali Isha, nyumba ikatulia, nafungua kompyuta nicheze saa moja, pengine na nusu, kisha nalala kwa sababu asubuhi nina kazi Kilindini. Wachezaji wa aina yangu ni wengi, na gemu twazipenda kama wanavyozipenda wale wanaokesha. Wakati wetu tu ndio mdogo, na mwenye wakati mdogo hujifunza kuchagua.

Nianze na huko kulipa mapema. Gemu zilipokuwa sidii ndani ya boksi, duka likiletewa chache, aliyechelewa alikosa, na kuweka oda kulikuwa na maana. Leo wapakua faili, na faili halimaliziki rafuni. Haraka ni ya nini? Cyberpunk 2077 ilisubiriwa miaka, watu mamilioni wakailipia kabla haijatoka. Ikaja tarehe 10 Desemba 2020 na hitilafu nyingi hivi kwamba kabla mwezi kwisha Sony waliiondoa kwenye duka la PlayStation, isirudi hadi Juni 2021. Walioitengeneza hawakuitupa, na kwa hilo nawapa heshima yao. Sasisho la 2.0 lilitoka Septemba 2023, na hapo ndipo watu walipopata kile walichoahidiwa. Sasa niambie nani alifaidi: aliyelipa bei kamili siku ya kwanza, au aliyengoja akaipata imetengenea, na kwa punguzo?

Steam, lile duka la gemu la mtandaoni, hushusha bei sana mwishoni mwa Juni na tena mwishoni mwa Desemba. Gemu unazozitaka ziweke kwenye orodha yako kule, bei ikishuka watakuandikia. Epic nao, duka jingine kama hilo, hutoa gemu ya bure kila wiki. Mei 2020 walitoa GTA V, na wiki iliyofuata Civilization VI. Aliyefungua akaunti akazichukua siku zile, anazo hadi leo bila kulipa senti. Na ukinunua Steam ukaona haikufai, omba pesa zako zirudi, mradi hazijapita siku 14 na hujaicheza kufikia saa mbili. Kwa hiyo saa ya kwanza usiipoteze kurekebisha rangi ya nywele za mhusika. Ingia uicheze, ujue kama laptopu yako inaiweza.

Najua utasema gemu ikikaa inapitwa. Mwanangu, pita Mji wa Kale jioni utazame wazee wanavyocheza bao. Mashimo 32, kete 64, shimo liitwalo nyumba liko pale pale, na hakuna aliyewauzia bao jipya mwaka huu. Mtu akishinda kwa hesabu nzuri ya mtaji, yaani zamu ya kula kete, baraza nzima humsikia. Gemu nzuri ya mwaka 2016 ni nzuri vile vile leo, na kwako wewe ambaye hujaigusa, ni mpya.

Nimetaja mwaka huo kwa sababu ndio iliotoka Stardew Valley, ile ya shamba ambayo wajua naipenda kupita zote. Eric Barone aliitengeneza peke yake, zaidi ya miaka minne: picha, muziki, maneno, kila kitu. Bei yake ni dola 15 kasoro senti moja, na tangu hapo ameiongezea mambo mengi bila kumdai mnunuzi chochote. Hata lile ongezeko kubwa la 1.6, la Machi 2024, lilikuwa bure. Siku moja ya shambani huisha kwa dakika kama 14 hivi, kisha walala, na gemu yajihifadhi yenyewe. Mtu mwenye saa moja ya nafasi hupata siku nne kamili: amwagilie, avue samaki, azungumze na jirani, alale. Gemu isiyokuruhusu kusimama unapotaka haikufikiria watu wenye familia na kazi, na mimi siinunui hata ikisifiwa na dunia nzima.

Tena fikiria laptopu yenyewe. Ni ya mitumba, haina kadi yake ya grafiki ya kuchora picha, na unaishi kwa bando. Baldur's Gate 3 yataka nafasi ya gigabaiti 150. Hiyo ni gemu ya kupendeza mno na siku moja utaicheza inshallah, lakini leo utaipakua kwa bando la nani? Stardew inaomba megabaiti 500 tu. Kabla ya kulipia chochote soma yale masharti ya mashine yaliyoandikwa chini ya ukurasa wa gemu, ulinganishe memori na kadi, usilinganishe hamu. Huko kwenu kuna baridi, afadhali. Hapa joto na chumvi ya bahari huzila mashine, ndiyo maana yangu naifungulia feni na kuifuta vumbi kila Ijumaa.

Jambo linaloniuma zaidi ni hili. Ukibonyeza kitufe cha kununua, mara nyingi unapewa ruhusa ya kutumia tu. The Crew, gemu ya magari ya kampuni ya Ubisoft, ilitoka 2014. Tarehe 31 Machi 2024 seva zake, zile kompyuta za kampuni zinazoiendesha kwa mtandao, zilizimwa, na tangu siku hiyo aliyeilipia hawezi kuendesha hata gari moja, hata akitaka kucheza peke yake. Watu walikasirika, na kwa haki. Kule Ulaya ombi la kutaka gemu zilizouzwa zisiuawe lilipita sahihi milioni moja mwaka 2025. Naliunga mkono kwa moyo wote. Mtu ametoa jasho lake, basi aachiwe kitu chake. Ndiyo maana gemu ikiwa inauzwa GOG, duka la Wapoland lililoanza 2008, nainunua huko: unapakua kisakinishi, yaani faili la kuiweka gemu kwenye mashine, unakihifadhi kwenye diski yako, na siku mtandao umekatika au duka limefungwa, wacheza tu.

Kuhusu gemu za kunakiliwa zinazogawanywa kwenye flashi hapo hosteli, usizichomeke. Zinakuja na virusi, na laptopu hiyo ndiyo ina kazi zako za darasani.

Lakini kuna kitu nakukataza kabisa, nikiwa mamako. Zile pakiti za wachezaji kwenye gemu za kandanda, unalipa bila kujua utapata nani: hiyo ni kamari, mwanangu, hata ikipambwa kwa fataki. Ubelgiji walisema hivyo 2018, na mwanzoni mwa 2019 EA, kampuni ya gemu ya FIFA, wakaacha kuuza huko pointi za kununulia pakiti hizo. Sisi hapa tunawajua vijana waliomaliza karo kwa kubeti. Mlango ule ule umewekwa ndani ya gemu, na umewekewa mtoto. Ukitaka kuicheza, cheza na ulionao, ufungwe, ujifunze. Ukilipa kwa kadi ya M-Pesa GlobalPay niliyokuonyesha, ile ya kulipia mtandaoni, kwenye M-Pesa acha pesa ya gemu moja unayoinunua, isikae na akiba.

Basi nitakayofanya ni haya. Jumamosi nitakutumia shilingi za kutosha Stardew, na chenji itabaki. Siku hizi yachezwa na watu wengi pamoja, kwa hiyo nikufungulie nafasi shambani kwangu; nataka mtu wa kunisaidia kuteremka migodini, maana babako huko hataki kuingia. Ile ya dola 70 iweke kwenye orodha. Ikitoka, tusome wote wawili waliyoyasema walioicheza, na Desemba ukija likizo tutaangalia bei.

Babako anakusalimu, nyanyako pia, na anauliza kama unakula. Ukipata nafasi niandikie laptopu ina memori kiasi gani na kama bado inazimika stima ikipotea, nijue kama nikutafutie betri.

Mamako