Neema, ipandishe hedresti kabla hujawasha gari

Morogoro, Jumapili jioni

Mwanangu Neema,

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Picha za gari nimeziona, na baba yako ameshazipeleka hadi kwa majirani. Hongera sana, mwanangu. Najua umejinyima miaka mingapi kuipata hiyo IST, na najua ulivyohangaika kuitoa bandarini. Mungu ailinde na nyinyi mliomo.

Ile picha uliyopigwa ukiwa kwenye usukani nimeikuza mpaka mwisho. Uso umejaa furaha, lakini macho yangu yalikwenda nyuma ya kichwa chako. Hedresti, ile sehemu ya juu ya siti inayokaa nyuma ya kichwa, imeshushwa mpaka chini, iko usawa wa shingo, nawe umejisogeza mbele kama mtu anayechungulia dirishani. Usiku huo sikupata usingizi. Kwa hiyo naandika, tena nisome mpaka mwisho.

Unakumbuka mwaka uliokuwa darasa la tano, ile miezi mitatu baba yako alipokuwa anakupeleka saluni kusukwa? Tulikuambia mama aligongwa kidogo, anaumwa mkono. Mkono haukuwa na kitu. Ilikuwa shingo. Tulikuwa kwenye foleni Mlandizi, tumesimama kabisa, kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, ikatugonga kwa nyuma. Haikuwa na mwendo wa kutisha. Bampa lilibonyea kama sahani ya bati, taa yake moja ikapasuka, dereva akashuka akaomba radhi, tukapeana mikono, tukaondoka. Jioni nikapika kama kawaida. Usiku wa manane shingo ikawa kama gogo, na asubuhi ilibidi nikiinue kichwa changu kwa mikono miwili ili nitoke kitandani. Vidole vya mkono wa kulia vikafa ganzi. Ndiyo maana sikuweza kukusuka.

Daktari alinisikiliza, kisha akaniuliza jambo moja: hedresti ya siti yako ilikuwa wapi? Ilikuwa stoo, Neema. Tuliing'oa siku tulipovalisha siti makava mapya, kwa sababu kava halikuwa na sehemu yake, na bila hiyo siti ilionekana nadhifu. Ya baba yako ilikuwepo, na yeye hakuumia.

Akanieleza kwa mikono yake, nami nimelishika mpaka leo. Gari likigongwa kwa nyuma, siti inausukuma mgongo mbele ghafla. Kichwa hakina kinachokisukuma, na ni kizito, kilo nne na nusu hadi tano, kama mfuko wa unga. Kinabaki nyuma wakati kiwiliwili kimeshaondoka. Shingo inayoviunganisha viwili hivyo inapinda vibaya: pingili za chini zinakunjukia nyuma huku za juu bado zimeinama mbele. Baada ya hapo ndipo kichwa chenyewe kinatupwa nyuma, kisha mbele. Yote hayo yanaisha kabla hujasema "mama", misuli haijapata hata nafasi ya kukaza. Sasa, hedresti ikiwa karibu na kisogo, kichwa kinasukumwa pamoja na mgongo, na shingo haivutwi. Kazi yake ndiyo hiyo. Watu wengi hudhani ni mto wa kupumzikia wakati wa safari ndefu. Marekani waliilazimisha kwa siti za mbele za magari madogo mapya tangu Januari 1969, na hawakuwa wanafikiria usingizi wa abiria.

Kwa hiyo fanya hivi. Kaa kwenye siti ukiwa umeegemea vizuri, halafu ipandishe mpaka juu yake ifike usawa wa utosi wako. Ikiwa imekaza, kuna kitufe kidogo pale chuma kinapoingilia kwenye siti, kibonyeze huku unavuta. Kisha tazama nafasi kati ya kisogo na hedresti. Ikiwa ni upana wa vidole vitatu au pungufu, vizuri sana. Ikipita kiganja, simamisha mgongo wa siti kidogo, usiendeshe umelala kama vijana wa siku hizi. Na nywele, mwanangu. Ukizifunga rasta zote fundo kubwa kisogoni, au ukivaa kilemba kikubwa cha harusini, kichwa kinasogezwa mbele na ile nafasi inarudi. Siku ya kuendesha, zifunge chini au uziachie. Ile mito ya shingo inayouzwa kwenye foleni usinunue, wala usiruhusu fundi akufungie televisheni kwenye hedresti.

Kuna jambo jingine linalonigusa kama mama wa binti. Wanawake huumia shingo zaidi ya wanaume katika ajali za namna hii. Na kwa miaka mingi sanamu lililotumika kupimia siti kwa ajali za kugongwa nyuma lilitengenezwa kwa umbo la mwanamume wa wastani. Mwaka 2022, huko Sweden, mtafiti Astrid Linder na wenzake walionyesha sanamu la mwanamke wa wastani: urefu sentimita 162, uzito kilo 62. Huyo ni wewe, karibu kabisa! Nilipoyasikia hayo nilifurahi, kisha nikahesabu miaka nikasikitika. Siti ya gari lako ilitengenezwa kabla ya hapo. Ndiyo maana nataka uirekebishe kwa mwili wako mwenyewe, usiiache ilivyotoka kwa mwenyewe wa kwanza.

Sasa nije kwa mume wangu Baraka. Katika picha ya tatu amepakatwa siti ya mbele. Sikulaumu, nami nilikupakata hivyohivyo, hatukujua. Lakini gari likigonga kitu, hakuna mikono ya mama inayoweza kumzuia mtoto, hata ukimbana vipi. Na mbele yake kuna mfuko wa hewa unaofumuka kwa nguvu ambayo mwili wa miezi saba hauihimili. Mtoto kama yeye kichwa chake ni karibu robo ya urefu wake wote, na pingili za shingo bado zina gegedu, hazijawa mfupa kamili. Akitazama mbele, gari linaposimama ghafla mkanda unashika kifua na kichwa kinaruka peke yake. Akitazama nyuma, mgongo, shingo na kichwa vyote vinaegemea kiti kwa pamoja. Profesa Bertil Aldman wa Sweden aliliona hilo miaka ya 1960, baada ya kutazama jinsi wanaanga walivyolazwa chali ili mgongo mzima upokee nguvu ya roketi. Mwaka 1964 akajaribu kiti cha mtoto kinachotazama nyuma. Hadi leo wenzake wa Sweden wanashauri mtoto akae hivyo mpaka karibu miaka minne. Wewe usikubali wakikuambia miguu imejikunja. Miguu ikijikunja haina neno.

Kiti chake kifungwe siti ya nyuma. Kamwe usikiweke mbele penye mfuko wa hewa kikiwa kinatazama nyuma. Baba yako na mimi tumeshaongea, tutachangia nusu ya bei, na msikinunue kilichowahi kuwa kwenye ajali.

Mkanda sitausema sana, unajua. Ila upite katikati ya bega, usikate shingoni, na wanaokaa nyuma wafunge vilevile.

Na Mungu apishie mbali, mkikuta ajali barabarani, au ikiwa yenu, msikubali watu wamvute majeruhi kwa mikono na kumtupia kwenye pikapu. Kwetu ndivyo wanavyofanya, kwa huruma kabisa, na huruma hiyo inaweza kukata mishipa ya fahamu iliyokuwa bado nzima. Kama hakuna moto wala hatari nyingine, mtu mmoja akae nyuma yake, ashike kichwa kwa viganja viwili kisitikisike, wengine waite msaada. Na wewe ukigongwa hata kidogo, halafu mkono ukafa ganzi au ukakosa nguvu, nenda hospitali siku hiyohiyo. Usipike kwanza kama mimi. Wakikuta hakuna kilichovunjika, usikae na kola ya shingo kwa wiki nyingi. Mimi nilipona nilipoanza kuigeuza shingo polepole, asubuhi na jioni, kama daktari alivyonielekeza.

Ile hedresti bado iko stoo, nyuma ya magunia. Gari tuliliuza, yenyewe nikaisahau, na leo nimeikuta nikitafuta jembe. Nimeipangusa vumbi.

Ukishamaliza kurekebisha, mwambie Baba Baraka akupige picha nyingine kutoka ubavuni, mlango ukiwa wazi, nione kisogo chako na hedresti. Nitumie leo hiihii, simu yangu ina bando.

Mama yako