Mwanangu Aika, usiende kuwa mgumu

Marangu, Jumapili jioni

Mwanangu Aika,

Barua hii anakuja nayo mama yako Jumanne, akija huko Moshi kukusaidia kufunga mizigo. Najua utacheka: baba ana simu, anaandika barua ya nini? Naandika kwa sababu kwenye simu huwa unasema "sawa baba" kabla sijafika nusu ya neno. Karatasi haina "sawa baba".

Kwanza nilitoe la moyoni tulimalize. Habari za Vietnam nilizisikia kwa shangazi yako, nje ya kanisa, mbele ya watu, nikaitikia kama mtu anayejua. Tiketi umeshakata, viza imeshakuja kwenye simu, likizo umeshaomba kazini, halafu baba anaambiwa na shangazi. Nilipofika nyumbani nikauliza, anakwenda na nani? Jikoni kukawa kimya. Mama yako akaendelea kumenya ndizi. Ndipo nikajua ni peke yako.

Sikukataza. Una miaka 27, na hela ni yako, ingawa kwa hela hiyo nyumba ya jikoni ingepata bati jipya na chenji ikabaki. Basi. Hilo nimelisema, silirudii.

Ila nikuambie kitu. Miaka 22 nimesimama pale getini Marangu, mguuni mwa Kilimanjaro, nikipokea watoto wa watu. Wengine wasichana wadogo kuliko wewe, wameshuka kwenye gari na begi, hawana kaka, hawana mume, hawana hata rafiki. Nilikuwa nasema moyoni, hawa hawana wazazi? Nimemsema baba wa mtu kuanzia getini mpaka kambi ya Mandara huku mgongoni nimebeba begi la mtoto wake. Sasa wiki ijayo kuna mtu kule Hanoi atamwona Aika wangu anashuka na begi, naye ataanza kunisema mimi. Ni zamu yangu, sina pa kulalamika.

Sitaki kukuandikia habari za wezi. Wewe unaijua stendi ya Moshi, na ukishaijua hiyo wezi wa kwingine ni wanafunzi. Ninachoogopa ni kimoja tu. Naogopa utaumwa, au utachoka, au utaishiwa, na hutasema.

Unajua sisi wapagazi tunavyoitana. Wagumu. "Mgumu vipi?" "Poa mgumu." Ni jina zuri ukiwa na kilo 20 kichwani, mvua ya msituni inakupiga na viatu ni vya kuazima. Lakini nimeuona ugumu ukifanya kazi nyingine. Yule dada wa kizungu niliyewahi kukusimulia, na ukaniambia usinisimulie tena, sikukuambia lote. Kichwa kilimuuma kuanzia kambi ya Horombo, mita 3,720. Jioni tukamuuliza kama tunavyomuuliza kila mgeni: kichwa kikoje, umekula, umelala? Akasema vizuri, vizuri, vizuri. Kibo akawa anatembea kama mtu aliyetoka kwenye mbege, mguu huu huko, mguu huu huku. Tulimshusha usiku na ile machela ya gurudumu moja, watu sita, tunapokezana, yeye anatapika na kuomba radhi. Alipona, maana mlima dawa yake ni kushuka. Siku ya pili akaniambia hakutaka kutusumbua. Kutusumbua! Watu ambao kazi yetu ilikuwa kusumbuliwa.

Basi tangu niliposikia habari ya hiyo tiketi nikifumba macho namwona yeye, ila sura ni yako.

Kwa hiyo kila siku nataka vitatu: kichwa, chakula, usingizi. Usiniandikie "niko poa". Poa si jibu, hata wale wageni tuliwafundisha poa. Niandikie kichwa hakiumi, nimekula tambi, nimelala saa tano. Huko wako mbele yetu kwa saa nne, kwa hiyo saa kumi na mbili jioni yangu ni saa nne usiku yako, ukiwa umesharudi chumbani. Umesharudi, natumaini.

Na hapo kwenye saa, soma tiketi kwa macho mawili. Ikiandika 02:00 ni saa nane usiku, si saa mbili. Nawafahamu watu wazima, wenye elimu, walioachwa na ndege kwa hesabu hiyo. Tena ndege ya usiku wa manane wa Ijumaa unaiendea Alhamisi jioni. Ukifika Doha usizubae madukani. Begi kubwa litakwenda lenyewe mpaka Hanoi, ila uliza palepale uwanja wa KIA wakati wanalibandika karatasi, usibahatishe. Na usimbebee mtu mzigo. Hata mama wa makamo anayesema mgongo unamuuma, hata Mtanzania mwenzako anayekuita dada. Mizigo ya watu nimeshaibeba mimi kwa ajili ya ukoo wote, wewe usibebe hata kilo moja. Sheria zao za dawa za kulevya ni kali, na hakuna atakayeuliza baba yako alikuwa nani.

Hela. Kijana wa hapa jirani amenionyesha kwenye simu, shilingi yetu moja inakaribia dong kumi, kwa hiyo utakuwa milionea kabla hujatoka uwanjani. Usilewe sifuri. Noti ya laki tano na ile ya elfu ishirini zote ni za buluu, na zote zina sura ya Ho Chi Minh. Ya kwanza ni kama elfu hamsini yetu, ya pili ni kama elfu mbili. Zitenganishe mapema, ukiwa chumbani, si mbele ya mwenye duka. Mama yako ameshona mfuko ndani ya ile sketi ya bluu. Usimwambie kwamba watu siku hizi wanatumia kadi. Uvae tu.

Kuvuka barabara: nimeona video ya zile pikipiki za Hanoi, nikaizima. Mama yako akaiwasha tena. Wanasema hakuna kukimbia wala kusimama katikati, unakwenda mwendo mmoja nao wanakupita pembeni. Basi ni polepole ileile ya mlimani. Huo mwendo unao, ulinirithi, mambo mengine ulichukua kwa mama yako.

Huo mlima wa Sapa nimeusoma. Fansipan, mita 3,143. Mwanangu, huko ni chini ya Horombo! Halafu tangu 2016 wana gari la kwenye waya linalokupandisha karibu na kilele, unakwenda na viatu vya kanisani. Waliposema wanataka kutuletea kitu kama hicho hapa, mwaka 2019, unakumbuka wapagazi tulivyopiga kelele. Lakini wewe panda. Panda na hilo gari la waya, ukae dirishani, uniambie mtu anaonaje akifika juu na pumzi bado anayo. Mimi kileleni nimefika mara nyingi kuliko nilivyokwenda Dar, na sijawahi kuutazama mlima. Nilikuwa natazama saa na midomo ya mgeni kama imegeuka rangi. Jua linachomoza kule Mawenzi, watu wanalia kwa uzuri wake, mimi nahesabu watu.

Kwa hiyo tazama. Na onja. Hili nalisema kwa mtu ambaye kazi yake ni kuonja kahawa, najua, lakini huko kazini unaonja na kutema. Huko meza. Uliniambia kahawa yao nyingi ni robusta, kama ya ndugu zetu wa Bukoba, na wanaichuja tone kwa tone juu ya maziwa mazito ya kopo, na Hanoi wanaipigia kiini cha yai. Nilicheka, lakini nimekuwa nalifikiria hilo yai wiki nzima. Ukoo wetu umelima kahawa kihambani tangu babu wa babu yako alipoona miche kwa mapadre wa Kilema, wenyewe wanasema mwaka 1898, na sisi wote tumekufa tukinywa chai. Kahawa ilikuwa ada ya shule, nani anywe ada ya shule? Kikombe changu cha kwanza cha maana ulinipa wewe, mwaka juzi, pale kibarazani. Nilisema ni chungu. Haikuwa chungu. Nilikuwa nafikiri wazee wangu walikuwa na hii kitu mikononi miaka yote hiyo, nikakosa la kusema.

Na kule nasikia nao waliletewa na mapadre, Wafaransa, mwaka 1857. Leo wanaipita dunia nzima isipokuwa Brazil. Ukifika huko Buon Ma Thuot wakulima watakuonyesha shamba. Waulize wanakatiaje mibuni, na wanamwagilia mara ngapi. Usiulize bei tu kama madalali. Uliniambia hawaitani "wewe", kwamba wanakuuliza umri kwanza ili wajue wakuite dada au mdogo wangu au shangazi. Hapo nilipumua kidogo. Mahali ambapo mkubwa anajulikana, mtu hapotei hivihivi. Ukikwama, tafuta mama mtu mzima anayeuza chakula, ukae kwenye kile kiti chake kifupi cha plastiki, umwambie. Kwa mikono ikibidi. Lakini useme.

Narudia kusema, unaona. Nakuhesabia, hii ni mara ya tatu au ya nne. Wewe una kawaida ya kungoja hadi mambo yaharibike ndipo mtu asikie kwa jirani. Sisemi umeitoa wapi.

Najua ulipoitoa. Lile la kidato cha pili silirudii, kovu unalo wewe. Ninachosema ni kwamba simu ile ya matroni niliipokea mimi, nikiwa nimeshuka mlimani siku hiyohiyo nimechoka, na neno nililokuambia ulikuja kulirudia kwa daktari, mama yako aliniambia. "Baba amesema nijikaze." Mtoto ana kidole tumbo, baba anasema jikaze. Mlimani mgeni akisema tumbo linauma nilikuwa nasimamisha msafara mzima.

Ndani ya bahasha utakuta jani la sale. Nimelikata leo asubuhi pale mpakani mwa kihamba, upande wa babu. Kwetu mtu haendi mikono mitupu kwa aliyemkosea, na mengine unayajua. Usisafiri nalo, watu wa forodha hawapendi majani ya watu. Mpe mama yako arudi nalo. Ukishalishika, inatosha.

Mengine. Ufunguo wa chumba chako usimwachie yule mpangaji mwenzio anayepiga muziki usiku, mwachie mama mwenye nyumba. Kadi ya njano ya chanjo iwe pamoja na pasipoti. Piga picha pasipoti umtumie mdogo wako, mimi hiyo simu yangu itaifuta. Ile soketi ya pini mbili nunua hapohapo Moshi, usingoje uwanjani. Mama yako anataka kukufungia ndizi za mtori. Nimemwambia ndege si basi la Dar, lakini nawe usimkatalie kwa ukali, chukua hata kitu kidogo kama karanga.

Miche mipya ya kahawa ya Lyamungu imeshika, kumi na minane kati ya ishirini. Miwili imeliwa na mbuzi wa jirani. Tumekaa kikao, amekubali kosa, ameleta debe la mbege, mbege ikanywewa na miche haijarudi. Zamu yetu ya maji ya mfereji imehamishiwa Jumatano usiku, kwa hiyo ukipiga Jumatano usishtuke ukisikia nahema.

Kuhusu KIA siku ya Alhamisi, nimemwambia mama yako sitaweza kuja kwa sababu ng'ombe anakaribia kuzaa. Ni kweli anakaribia. Mama yako alinitazama tu. Nimeongea na kijana wa jirani, anasema anaweza kukaa naye tangu mchana, kama nitamwachia tochi na namba ya daktari wa mifugo. Basi msiniwekee nafasi kwenye gari, lakini pia msiijaze mizigo. Nikija nitakuwa pale njia panda ya KIA kabla giza halijaingia, na lile koti langu la mlimani, la kijani. Doha nasikia ndani ya uwanja kuna baridi ya mashine, na koti lako halina maana yoyote.

Baba yako