Barua ya wazi kwa Msimamizi wa Uchaguzi: Mama yangu aandike namba ipi?

Texas, 2 Desemba 2025

Mheshimiwa Msimamizi wa Uchaguzi wa kaunti yetu,

YAH: NAMBA YA MAMA YANGU

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Hivi ndivyo tulivyomwandikia mkuu wa kambi ya wakimbizi kule Mtabila, Kasulu, Tanzania, na yeye alikuwa anajibu, kwa hiyo sijaona sababu ya kubadilisha.

Ijumaa tarehe 14 Novemba posta ilituletea barua kutoka ofisini kwako. Kura ya mama yangu aliyoituma kwa posta, ya uchaguzi wa tarehe 4, imekataliwa. Kisanduku kilichotiwa alama ni cha namba ya utambulisho. Barua inaeleza, kwa upole kabisa, kwamba kasoro kama hiyo hurekebishwa mpaka siku ya sita baada ya uchaguzi. Siku ya sita ilikuwa Jumatatu tarehe 10. Nimehesabu kwa vidole, nikarudia kwenye kalenda ya ukutani nisije nikakusingizia. Ahsante kwa taarifa.

Mama ana miaka 72. Kwenye makaratasi kazaliwa Januari mosi, kama wakimbizi wengi, maana aliyekuwa anaandika alikuwa na foleni ndefu. Alikimbia Burundi mwaka 1972, akaishi Tanzania mpaka tulipoletwa huku mwaka 2008. Mkimbizi hapigi kura. Toka enzi za Nyerere mpaka Kikwete alikuwa anasikiliza redioni matokeo ya kura za wenzake. Uraia kaupata mwaka huu, na mtihani kaufanya kwa Kiswahili, mkalimani pembeni, kwa kuwa sheria inamruhusu mtu wa miaka 55 na kuendelea aliyekaa na ukaazi wa kudumu miaka 15. Serikali ya Marekani imemuuliza mambo ya Katiba kwa Kiswahili, ikaridhika, ikamwapisha. Aliyeshindwa kumwelekeza kwa Kiswahili sehemu ya kuandika namba ni wewe.

Kura yenyewe ilikuwa na vipengele 17 vya kurekebisha katiba ya jimbo. Nilimsomea Jumapili nzima baada ya ibada. Tulipofika cha 16, kile cha kwamba apige kura raia tu, akacheka mpaka akavua miwani: "Sasa mimi ni nani?" Alivyojibu ni siri yake. Nikaandika jina langu na anwani kwenye sehemu ya msaidizi, kama sheria inavyotaka. Ikabaki ile nafasi ya namba, iliyofichwa chini ya kifuniko cha bahasha. Akasema, niachie, namba naziweza. Mimi nikaenda kazini, zamu ya usiku.

Asubuhi akachukua kadi ya mpiga kura, hiyo hiyo mliyomtumia nyinyi, akanakili tarakimu zote 10 moja moja, kila saba akiikata katikati kwa kistari. Akalamba gundi, akafunga, akashuka na magoti yake mabovu mpaka kwenye sanduku la barua.

Nadhani kosa liko hapo. Nasema nadhani kwa sababu barua yako haisemi. Nilipopiga simu, niliambiwa nibonyeze 2 kwa Kihispania. Kwa wengine wote ni muziki, dakika 40, halafu ikakatika. Nimekuja kuambiwa baadaye na dada mmoja kanisani kwamba namba ya kadi ya mpiga kura haihesabiki kwenye ile bahasha. Inatakiwa ya leseni ya udereva au kitambulisho cha jimbo, na asiye nayo aandike tarakimu nne za mwisho za Soshali, ile namba ya hifadhi ya jamii. Mheshimiwa, mtu akiambiwa aandike namba ili apige kura, ataenda kutazama kadi gani? Ya maktaba?

Na usiniambie ni lugha tu. Mchujo wa Machi 2022, ule wa vyama kuchagua wagombea wao, wa kwanza tangu masharti haya ya namba yapitishwe mwaka 2021, kura za posta zaidi ya 20,000 zilikataliwa jimboni hapa. Hao wote hawakutoka Kasulu.

Ila kwa upande wa lugha nikukumbushe kitu kidogo. Februari ulikuja kwenye ukumbi wa kanisa letu. Ulikula sambusa, ukazisifia. Ukasema karatasi moja ya maelekezo kwa Kiswahili si kazi kubwa, itakuwa tayari "kabla ya uchaguzi ujao". Tukapiga makofi. Tukasema tutaitafsiri sisi, bure. Uchaguzi ujao umekuja na umepita. Najua utajibu kwamba sheria ya haki ya kupiga kura inakulazimisha Kihispania, na kwingineko lugha za Asia na za wenyeji asilia, Kiswahili hakimo. Kweli, haikulazimishi. Imekukataza?

Sasa Januari inakuja. Fomu ya kuomba kura ya posta kwa mwaka mzima inajazwa upya, ya mwaka huu imeisha kazi. Mchujo ni Machi 3, na ombi liwe limefika kwenu kufikia Februari 20. Limefika, si limetumwa, hilo nalo tulijifunza kwa jirani. Novemba 3 ni uchaguzi wa gavana. Mama anataka sana kuupigia kura.

Ile karatasi basi, nimekusamehe. Wala sikudai uniombe samahani. Nijibu swali moja: aandike namba ipi? Kuna anayeniambia aandike zote mbili, ya kitambulisho na ya Soshali, ili mojawapo ikutane na iliyomo kwenye daftari lenu. Ni sawa? Sema ndiyo au hapana. Hata kwa Kiingereza, nitamtafsiria.

Kila nikirudi asubuhi ananiuliza kama ofisi imejibu. Kadi zake zote tatu kazipanga mezani, kazikandamiza kwa sahani ili zisipotee.

Wako mtiifu,
Mwanawe. Jina na anwani yangu unavyo, viko kwenye bahasha mliyoikataa.