Risala kwa Mgeni Rasmi: Dhima ya Taaluma Inavyobadilika katika Chuo Kikuu cha Umma

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mwenyekiti wa Baraza, Makamu Mkuu wa Chuo, wakuu wa ndaki na idara, wahadhiri wenzetu, wanafunzi, mabibi na mabwana.

Sisi wanakamati wa mapitio ya mitaala tunakushukuru kwa kukubali kuja kuzindua kazi hii. Tunalo jambo moja la kukueleza. Dhima ya chuo kikuu cha umma hubadilika pale mtihani, mwalimu na bajeti vinapobadilika. Maneno ya mpango mkakati aghalabu hutangulia, kisha yakabaki peke yake.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mfano ulio wazi ni Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kilianza Oktoba 1961 kikiwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha London: kitivo kimoja cha sheria, wanafunzi 14, ndani ya jengo la TANU mtaa wa Lumumba. Mwaka 1963 kiliingia katika Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kazi zikagawanywa: sheria Dar es Salaam, uhandisi Nairobi, udaktari na kilimo Makerere. Ushirika huo ulipovunjwa mwaka 1970, nchi ilipata chuo chake kamili kisicho na kitivo cha uhandisi. Kitivo hicho kilifunguliwa 1973. Sheria ya kuanzisha chuo hupitishwa kwa kikao. Karakana, mafundi wa maabara na walimu havipatikani hivyo.

Dhima hupungua pia. Kitivo cha kilimo, kilichoanza Morogoro mwaka 1969, kilitoka 1984 kikawa Chuo Kikuu cha Sokoine. Udaktari wa Muhimbili ulikuwa kitivo 1968, chuo kishiriki 1991, na chuo kikuu kamili 2007. Chuo mama kilipunguza kazi zake kwa kuzaa, na hatuoni kasoro hapo.

Yako pia mabadiliko yaliyoagizwa kutoka juu. Azimio la Musoma la 1974 lilitaka waombaji wapite Jeshi la Kujenga Taifa na kufanya kazi kabla ya kuingia chuoni. Nia ilikuwa njema, ila miaka hiyo ya kusubiri kwa wasichana ndiyo ya kuolewa na kuzaa. Idadi yao ikashuka, hadi ikabidi walegezewe sharti.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, sasa tuje kwenye mapitio yenyewe. Kwanza wahitimu hufuatiliwa walipo, waajiri wao wakahojiwa, kisha wadau wakaitwa. Rasimu ya mtaala huanzia idarani, ikapanda ndaki inayounganisha idara kadhaa, Seneti ya chuo, na mwisho Tume ya Vyuo Vikuu kwa ithibati. Njia hiyo tunaifahamu sote. Panapoharibika ni kwenye hesabu.

Shahada ya miaka mitatu ina krediti 360, na krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi. Ukiongeza kozi ya krediti 8, umeongeza saa 80, nazo lazima zitoke mahali. Kwa kawaida hazitoki popote, kwa sababu kila kozi ya zamani ina mwenyewe kikaoni na kozi mpya haina mtetezi ila karatasi. Matokeo yake mwanafunzi anabebeshwa kozi zote, za zamani na mpya.

Walimu ni hesabu nyingine. Mkufunzi msaidizi, yaani mwalimu anayeanza akiwa na shahada ya kwanza, akiajiriwa leo, uzamili humchukua miaka miwili na uzamivu mitatu au minne, masomo yakifuatana bila kukatika. Programu inayofunguliwa kabla ya hapo huendeshwa na walimu wa muda, ambao hawasimamii tafiti wala kuhudhuria vikao vya idara.

Mtihani ndio unaosema ukweli. Mtaala ukiandika kwamba mhitimu ataweza kutatua matatizo, halafu swali likaja "taja na ueleze", mwanafunzi atakariri, na hana kosa. Kwa hiyo kamati itapitia mitihani ya miaka mitano iliyopita kabla ya kugusa maelezo ya kozi yoyote.

Maombi yetu ni mawili. Nafasi za ajira za wakufunzi wasaidizi zitolewe angalau miaka miwili, muda wa uzamili, kabla programu mpya haijapokea wanafunzi. Na ufuatiliaji wa wahitimu uwe na kifungu chake katika bajeti ya kila mwaka, maana unaofanywa mara moja kwa fedha za mradi hukutana na namba za simu ambazo hazipatikani tena.

Tunaomba kuwasilisha.